Bei ya Kuruka Foleni

Kila mwisho wa Aprili, klabu 32 za ligi ya NFL ya Marekani hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Wanagawana, hawanunui. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga huenda akashangaa, maana hapa kijana hawezi kutangaziwa dau na klabu tatu akachukua lililonona. Klabu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na duru hiyo hurudiwa mara saba. Huo ndio utaratibu unaoitwa drafti. Kinachouzika ni zamu yenyewe: klabu ya 12 ikimtamani kijana ambaye haitamkuta zamu yake ikifika, humwendea aliye wa 3 na kumpa zamu yake pamoja na nyingine za mwaka huu au za miaka ijayo. Ninavyousoma ushahidi, bei hiyo kwa kawaida ni kubwa mno, na kosa haliko kwenye vipaji vya vijana. Liko kwenye uhakika wa wanaowachagua.

Bei ina historia yake. Mwaka 1991 Mike McCoy, aliyekuwa mmoja wa wamiliki wa Dallas Cowboys, alitengeneza jedwali la pointi ambalo baadaye lilibeba jina la kocha Jimmy Johnson. Zamu ya 1 ilipewa pointi 3,000, ya 16 pointi 1,000, ya 32 pointi 590. McCoy hakupima ubora wa wachezaji. Aliangalia biashara za zamu zilizokwishafanyika, akachora mstari unaozifuata. Jedwali lililoeleza desturi likaenea, na desturi ikawa kama sheria. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobeli ya mwaka 2017, walilipima kwa yale ambayo wachezaji waliyafanya uwanjani; utafiti wao ulianza kusomwa mwaka 2005 na ukachapishwa rasmi mwaka 2013. Walimlinganisha kila mchezaji na yule aliyefuata kuchaguliwa katika nafasi ileile ya uchezaji. Uwezekano wa aliyetangulia kuwa bora ulikuwa kama asilimia 52. Hii haina maana kwamba maskauti hawajui kazi. Kwa wastani wachezaji wa zamu za mbele huwazidi wa nyuma, ila ubora hushuka taratibu wakati bei ya jedwali hushuka kama jiwe. Anayeruka foleni hulipa kana kwamba anaujua mpangilio wa kweli, kumbe kati ya majirani wawili yuko karibu sawa na mtu anayerusha sarafu.

Sayansi ya kosa hili ilianzia kwenye mafuta. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya Atlantic Richfield walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda minada ya vitalu katika Ghuba ya Mexico zilipata faida duni. Kila kampuni hukadiria kiasi cha mafuta kwa kubahatisha kwa kiasi fulani, wengine wakizidisha, wengine wakipunguza, na mnada humpa ushindi yule aliyezidisha kuliko wote. Laana hii ya mshindi huingia kwenye drafti bila kubisha hodi. Klabu 32 zinamtazama kijana mmoja; itakayotoa zamu tatu kumpata ndiyo ambayo makadirio yake yako juu kuliko ya wenzake 31. Meneja anayejisifu kwamba ameona kitu ambacho wengine hawakukiona angepaswa kuanza kwa kujiuliza kama kweli kipo.

Mtu atanijibu kwa jina moja: Patrick Mahomes. Mwaka 2017 Kansas City Chiefs walipanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 wakamchukua, na kwenye msimu wake wa saba alikuwa tayari ana mataji matatu ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Lakini jioni ileile Chicago Bears walitoa zamu kadhaa ili wasogee nafasi moja tu, kutoka ya 3 hadi ya 2, wakamchukua Mitchell Trubisky, anayecheza nafasi hiyohiyo ya kota-beki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Chicago nao walikuwa na maskauti, kanda za mechi na uhakika. Sera haihukumiwi kwa tiketi moja iliyoshinda.

Hoja nzito zaidi ni ya mishahara. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka 2010, alidhaminiwa dola milioni 50 kabla hajacheza mechi moja. Baada ya mkataba mpya wa ligi na wachezaji, Cam Newton wa mwaka 2011 alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Zamu za mbele zikawa nafuu, na ile sehemu ya hoja ya Massey na Thaler iliyotegemea mishahara mikubwa ikapungua nguvu. Hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba kota-beki bora mwenye mshahara wa kijana humwachia meneja fedha za kujenga timu nzima, na kwamba wengi wa namna hiyo hutoka duru ya kwanza. Lakini unafuu wa mshahara unaonyesha tu kwamba zamu ya mbele ni mali nzuri kwa anayeimiliki. Hauonyeshi kwamba ni vyema kuinunua kwa zamu tatu, kila moja nayo ikiwa na mshahara mdogo. San Francisco 49ers mwaka 2021 walitoa zamu tatu za duru ya kwanza na moja ya duru ya tatu kumpata kota-beki Trey Lance. Aliyekuja kuwafikisha Super Bowl ya Februari 2024 ni Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa mwaka 2022. Purdy ni bahati adimu kama Mahomes, kwa hiyo simtumii kama kanuni. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi kipimo kinavyoyumba hata kwenye nafasi inayochunguzwa kuliko zote.

Kuna deni ambalo jedwali halikulihesabu. Kwa desturi ya soko hili, zamu ya duru ya pili mwaka huu hubadilishwa kwa ya duru ya kwanza mwakani, na Massey na Thaler walikuta kwamba riba iliyofichika humo huzidi asilimia 100 kwa mwaka. Hakuna benki ambayo ingethubutu. Meneja huthubutu, kwa sababu akifukuzwa, deni litalipwa na mrithi wake. Tena deni lenyewe hupanda thamani kadiri klabu inavyoanguka. Washington mwaka 2012 walitoa zamu ya 6, moja ya duru ya pili, na zile za duru ya kwanza za 2013 na 2014 ili wapande hadi ya 2 na kumchukua Robert Griffin III. Mwaka wa kwanza aling'ara, akaumia goti Januari 2013, na timu ikaporomoka. Zamu ya 2014 waliyokwishaiuza kwa klabu ya Rams katika biashara hiyo ikawa ya 2 katika ligi nzima. Desemba 2014 timu hizo zilipokutana, kocha wa Rams aliwatuma wachezaji sita waliotokana na biashara ile wakasimame kama manahodha, na Rams wakashinda 24 kwa 0. Kansas City, kwa upande wao, walikuwa wametoka kwenye msimu wa ushindi 12 na walikuwa na kota-beki aliyekomaa, Alex Smith, wa kucheza mwaka mzima huku Mahomes akijifunza. Zamu ya mwakani waliyoiuza kwa Buffalo iliangukia ya 22. Walikopa wakiwa na nguvu, kwa hiyo hata kama Mahomes angeshindwa, wangelipa kidogo kuliko Washington.