Zeke, Betty, Hip, Candid: kwa nini ndege ya vita ina majina mengi, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkaaji wa Aveba

AVEBA, Ituri – Ndege moja inaweza kuwa na majina matatu. Chukua ile ndege kubwa ya mizigo ya Kirusi ambayo kwa miaka mingi imebeba askari na mizigo katika Kongo. Kiwanda chake kinaiita Il-76. Nchi za NATO zinaiita Candid. Jeshi la anga la India liliipa jina la Gajraj, yaani mfalme wa tembo. Ni ndege ileile, lakini kila mmoja anaiita kwa faida yake.

Hapa Ituri jambo hilo si mchezo wa maneno. Aveba, katika sheferi ya Walendu-Bindi, teritware ya Irumu, ni mahali padogo penye kiwanja cha ndege ambacho kimetajwa mbali sana. Tarehe 7 Machi 2014, Korti ya Kimataifa ya Mambo ya Jinai (CPI) kule La Haye ilimkuta Germain Katanga na hatia ya kusaidia makosa yaliyotendeka katika shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Waamuzi walieleza kwamba silaha zilifika Aveba kutoka Beni kwa ndege, na kwamba nafasi yake Aveba, penye kiwanja ambacho ndege za silaha ziliweza kutua, ilimpa uwezo ambao wengine hawakuwa nao. Mwezi wa Mei mwaka uleule alihukumiwa miaka 12.

Kwa hiyo swali la "ndege gani ilitua, na ya nani?" lina uzito wake. Ili kuelewa namna majeshi yanavyolijibu, inafaa kurudi nyuma, kwenye vita vya pili vya dunia, kwa Wajapani.

Mwaka 2600 wa Japani

Japani ya wakati ule haikuwa na jeshi la anga la pekee. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake, na jeshi la majini lilikuwa na zake. Kila moja lilikuwa na njia yake ya kuzipa majina, na hawakupatana hata katika hesabu.

Wote wawili walihesabu miaka kwa kalenda ya kifalme ya Japani, ambayo mwaka wetu wa 1940 ilikuwa ni mwaka 2600. Ndege iliyopokewa na jeshi la majini mwaka huo ilipewa namba ya mwisho wa mwaka, yaani sifuri. Ndiyo maana ndege ya kivita ya Mitsubishi iliitwa "Aina ya 0", na dunia nzima ikaijua kwa jina la Zero. Jeshi la nchi kavu, kwa mwaka uleule, liliandika 100. Mwaka uliofuata, 2601, likaandika 1.

Njia hiyo ilikuwa na shida. Mwaka 1940 jeshi la majini halikupokea ndege moja tu. Kulikuwa na ndege nyingine za "Aina ya 0", zikiwemo ndege za upelelezi zinazotua juu ya maji. Kusema "Aina ya 0" bila kuongeza kazi yake hakukutosha.

Ndiyo sababu jeshi la majini lilikuwa pia na jina fupi la herufi na namba. Zero ya kwanza kuingia vitani iliandikwa A6M2. Herufi A ni ndege ya kivita inayoruka kutoka meli. Namba 6 ni ya sita katika kundi hilo. M ni Mitsubishi. Namba 2 ni toleo lake. Herufi B ilikuwa ya ndege za kushambulia meli kwa torpido, D ya ndege za kurusha bomu kwa kushuka wima, G ya ndege za mabomu zinazoruka kutoka nchi kavu, H ya mashua zinazoruka. Kwa upande wa viwanda, N ilikuwa Nakajima, K Kawanishi, na A Aichi. Anayejua ufunguo huo anasoma herufi nne na kuelewa ndege nzima.

Jeshi la nchi kavu lilifanya kwa urahisi zaidi: Ki-43, Ki-46, Ki-61, namba zikifuatana bila kusema ni ndege ya kazi gani.

Baadaye yalikuja majina ya kawaida. Jeshi la nchi kavu liliita Ki-43 Hayabusa, yaani kozi. Jeshi la majini, kuanzia 1943, liliweka utaratibu: ndege za kulinda nchi kavu zilipata majina ya radi, kama Raiden, za kupigana usiku majina ya mwanga, kama Gekko, mwanga wa mwezi, za torpido majina ya milima, kama Tenzan, za mabomu majina ya nyota, kama Suisei, nyota yenye mkia, za upelelezi majina ya mawingu, kama Saiun. Hata za mafunzo zilipata majina ya mimea.

Adui naye anatafuta majina

Wamarekani na Waaustralia waliopigana nao hawakuweza kutamka majina hayo, na mara nyingi hawakuyajua. Rubani mmoja alisema hivi, mwingine vile, na ripoti hazikupatana. Askari wengi waliita kila ndege ya Kijapani "Zero".

Mwaka 1942, kule Australia, kapiteni Mmarekani Frank McCoy na wenzake walianza kugawa majina mafupi ya watu. Ndege za kivita zilipata majina ya wanaume: Zero ikawa Zeke, Ki-43 ikawa Oscar. Ndege za mabomu zilipata majina ya wanawake: G4M ikawa Betty. Za mizigo zilipata majina yenye kuanza na T, kama Topsy na Tess. Za mafunzo zilipata majina ya miti.

Makosa hayakukosa. Zero moja yenye ncha za mabawa zilizokatwa ilidhaniwa kuwa ndege mpya, ikaitwa Hap. Hilo lilikuwa jina la utani la jenerali Henry Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani. Hakufurahi. Jina likabadilishwa kuwa Hamp, kisha ikagunduliwa kwamba ilikuwa Zero tu. Ki-61 nayo ilifananishwa na ndege ya Kiitaliano, ikapewa jina la Tony. Kulikuwa hata na majina ya ndege za Kijerumani ambazo Japani haikuzitumia vitani.

Vita hivyo viliwafikia pia watu wetu. Kitengo cha waganga cha Force Publique kutoka Kongo kilipelekwa Birmania, inayoitwa leo Myanmar, kuhudumia majeruhi pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Huko Birmania Oscar ilikuwa ndege ya kivita iliyoonekana sana.

Kutoka Oscar mpaka Hip

Baada ya vita, nchi za Magharibi zilikuwa na shida ileile mbele ya ndege za Kisovieti, na zilichukua dawa ileile. Safari hii herufi ya kwanza ndiyo inasema kazi: F kwa ndege za kivita, B kwa za mabomu, C kwa za mizigo, H kwa elikopta. Kwa ndege zenye mabawa, jina la silabi moja ni ndege ya pangaboi, la silabi mbili ni ndege ya jeti. Ndiyo maana Antonov 26 ni Curl, na Il-76 ni Candid. Elikopta Mi-8 ni Hip, na Mi-24 ni Hind. Sukhoi 25 ya FARDC, kama ile iliyopigwa risasi juu ya Goma tarehe 24 Januari 2023, kwao ni Frogfoot, mguu wa chura.

Lakini majina hayo yote yanasema ndege ya aina gani tu. Hayasemi ni ya nani. Jibu la swali hilo liko kwenye herufi zilizopakwa ubavuni ama mkiani: 9Q ni ndege ya kiraia ya Kongo, 9T ya jeshi letu, 5X ya Uganda, 9XR ya Rwanda, 5Y ya Kenya. Nyeupe yenye UN ni ya Umoja wa Mataifa.

Herufi hizo zinaweza kudanganya. Ndiyo maana, baada ya Baraza la Usalama kuweka vikwazo vya silaha juu ya makundi ya Ituri na Kivu mwezi wa Julai 2003 kwa azimio 1493, lilirudi tena mwezi wa Aprili 2005 na azimio 1596. Liliagiza serikali za eneo hili kukagua karatasi za ndege na leseni za marubani, kuzuia ndege zenye hati za uongo ama zilizopitwa na wakati, na kutunza orodha ya safari.

Katika vita vya Pasifiki, jina baya la ndege lilipoteza muda wa majenerali. Huku kwetu, ndege iliyotua bila mtu kuandika herufi zake iliacha risasi ambazo hazikuwa na mwenyewe, mpaka korti ilipoanza kuuliza. Anayeona ndege ikishuka kwenye kiwanja cha kijiji hahitaji kujua kama ni Hip ama Curl. Tarehe, saa na zile herufi za ubavuni zinatosha kuanzia.