Fahamu: Sabuni inavyobadili mshiko wa viuatilifu udongoni

Julai 2021, ghala la kemikali za kilimo la kampuni ya UPL liliteketea Cornubia, kaskazini mwa Durban. Sumu ikatiririka hadi mto Ohlanga na fukwe zikafungwa. Baada ya tukio kama hilo, wapo wanaodhani udongo ulioingiwa na viuatilifu huoshwa tu kwa sabuni. Si rahisi hivyo. Safaktanti, kiungo kinachoipa sabuni nguvu ya kuondoa mafuta, zikiwa chache hujibandika kwenye udongo, hasa wa mfinyanzi, na huweza kuinasa zaidi sumu isiyoyeyuka vizuri majini. Zikizidi kiwango fulani, hujikusanya vikundi vikundi vinavyoibandua sumu na kuibeba. Kweli, hapo udongo husafika, ila sumu imehama tu. Maji yaliyooshea udongo huo yasipokingwa na kusafishwa, yatafika mtoni.