Maneno ya Sura Moja

Mtoto wa Mgwashi, katika milima ya Usambara, husema Kisambaa na mamaye jikoni, husoma Kiswahili shuleni, tena hujifunza Kiingereza. Basi siku moja hukuta katika kitabu cha Kiingereza neno “same”. Mara hulisoma Same, naye aujua mji huo. Maana ashukaye Mombo na kushika njia kuu iendayo Moshi huupita katika nchi ya Wapare. Lakini kitabuni hamna habari za mji. Waingereza hutamka “seim”, na maana yake ni sawasawa.

Hale nako, penye mto wa Pangani, ambapo tangu 1964 nguvu ya maji hufanya umeme, kwa Kiingereza ni sifa ya mzee mwenye afya. Na mate, ambayo kwa Waswahili hutemwa, kwa Waingereza ni mwenzi!

Neno la kuangaliwa zaidi ni “pole”. Kwa Kiingereza ni mti mrefu uliosimamishwa, kama ule ushikao nyaya za simu. Mgeni akiletewa barua ya msiba, akatafuta “pole” katika kamusi ya Kiingereza, ataona nguzo mahali pa machozi. Na mtoto naye ana shida yake. Kwa Kiswahili aliyejikwaa huambiwa pole, na aliyechoka, na aliyefiwa, ingawa asemaye hana kosa lolote. Akitafuta neno la Kiingereza, mara nyingi hupewa lile la kuomba radhi, na Mwingereza aliyejikwaa akiambiwa hilo, huenda akauliza, “Kwani wewe ndiwe uliyenisukuma?”

Asili ya mafanano haya ni herufi. Krapf alipofika Vugha kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Yeye na wamisionari waliomfuata walitumia herufi za Kirumi, zile zile za Waingereza. Lakini Kiswahili hutamka kila irabu iliyoandikwa, na Kiingereza mara nyingi huiacha “e” ya mwisho ikae kimya.

Hata hivyo si kila mafanano ni ya bahati. Neno “shule” lilitoka kwa Wajerumani, waliotawala Usambara mpaka 1916. Wao husema “Schule”, na Waingereza “school”, na yote mawili yalitoka katika Kilatini.