Desemba Uchagani, Kata Inipite

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa Wachaga tunaorudi nyumbani. Mimi ni seremala, kwetu Rombo, na pombe nimeacha. Watu huniuliza kama si heri nibaki zangu Dar. Sibaki. Krismasi ya peke yangu chumbani Mbagala ina hatari kuliko kilabu chochote.

Kwetu sikukuu haiendi bila mbege. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, kisha huongezwa uji wa kimea cha ulezi pamoja na magome ya msesewe yanayoipa uchungu wake. Harufu unakutana nayo njiani, hujaingia hata kihambani. Ubongo wa mtu aliyekunywa miaka mingi umekwisha kuifungamanisha harufu hiyo na raha, na kata ya kunywea, na benchi, na vicheko vya ndugu. Ukikutana navyo, hamu huamka, hata kama uliacha zamani. Ndiyo maana siukubali ushauri wa wapendwa wangu kwamba nitiliwe togwa kwenye kata ileile. Nipeni chai, kwenye kikombe.

Ugumu wenyewe hasa uko kwenye heshima. Kata huzunguka toka kwa mkubwa, na ukiikataa mbele ya wazee ni kama umewakataa wao. Basi usisubiri ikufikie mkononi. Mimi nilimpigia baba mkubwa tangu Novemba: “Shikamoo, Meku. Pombe nimeacha, na nimeacha kweli. Krismasi nakuja. Naomba kata inipite, na mtu asiniulize mbele za watu.” Alinyamaza kidogo, akasema, “Njoo, mwanangu. Atakayekulazimisha ataanza na mimi.” Neno moja la mzee lilifanya kazi ambayo nguvu zangu pekee zisingeiweza.

Wenzangu wa AA, chama cha watu walioacha pombe kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, husisitiza mambo manne ya kujihadhari nayo: njaa, hasira, upweke na uchovu. Safari ya basi ya kutwa nzima inakupa mawili kwa mpigo. Nikishuka naomba mtori kwanza, nalala, salamu za ukoo kesho. Hamu ikipanda, natoka nje, natembea migombani, nampigia mwenzangu simu. Mara nyingi haimalizi nusu saa kabla ya kushuka, na hilo ni vizuri kulijua ukiwa katikati yake, maana wakati huo unaona kama haitaisha.

Kwa anayekunywa kila siku na anataka kuacha sikukuu hii, nasema hili kwa uzito: usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja unaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Nenda hospitali kwanza. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo za mwanzo.

Nanyi wenye nyumba, msitufiche chumbani na watoto kana kwamba tuna msiba. Tupeni shughuli. Baba mkubwa amenikabidhi ndafu: nichinje, nichome, nigawe vipande kwa kila mtu kwa haki yake. Kazi hiyo inachukua mchana mzima, na mikono yote miwili.