Kuchagua Kompyuta ya Kuendeshea Mchezo wa Wengi

Mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa pamoja huhitaji mwamuzi mmoja. Kila mchezaji ana kompyuta yake, lakini kumbukumbu ya nani yuko wapi na nani amejenga nini hutunzwa na kompyuta moja ambayo haichezi bali huhudumia nyingine. Kompyuta hiyo huitwa seva. Tuchukue mfano wa Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, mahali panapojulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tuseme mwalimu na wanafunzi wake huko wanataka kuendesha seva ya Minecraft, mchezo wa kujenga, kwa wachezaji 20, na fedha yao ni kidogo. Waitumie kununua nini?

Kwanza, wasinunue kadi ya picha ya bei kubwa. Seva haichori picha. Kila kompyuta ya mchezaji hujichorea yenyewe. Kazi ya seva ni kuhesabu. Seva ya Minecraft hufanya duru 20 za hesabu kila sekunde, yaani kila duru imepewa milisekunde 50. Duru ikichukua milisekunde 100, seva itafanya duru 10 tu, na mchezo utakwenda kwa nusu ya mwendo wake kwa wachezaji wote, hata wale wenye kompyuta bora.

Pili, watazame kasi ya prosesa kabla ya wingi wa viini vyake. Sehemu kubwa ya hesabu za duru hufanywa kwa kufuatana, ndani ya kiini kimoja. Mchimbaji ataelewa jambo hili upesi: duara lenye kamba moja halitoi mifuko mingi zaidi ya mawe kwa kuongeza watu chini, hutegemea kasi ya anayevuta kamba. Hivyo basi, kwa kazi hii prosesa ya viini 4 vyenye kasi huishinda ya viini 16 vya taratibu.

Kumbukumbu ya gigabaiti 16 yatosha kwa wachezaji hao. Ikipungua, seva hukwama. Ikizidi mno, haileti kasi yoyote. Diski nayo iwe ya chipu, isiyo na sehemu zinazozunguka, kwa kuwa husoma na kuandika upesi na huvumilia mtikisiko.

Tatu ni umeme, na hapa ndipo wengi hukosea. Seva huwaka usiku na mchana. Kompyuta inayotumia wati 300 hula uniti 216 kwa siku 30; kompyuta ndogo ya wati 40 hula uniti 28.8 tu. Umeme unapokatika tofauti huonekana zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukitumia nusu yake ili isiharibike, na tukiondoa moja ya tano inayopotea katika kubadili umeme, hubaki wati-saa 480. Kompyuta ndogo itaendelea kwa saa 12. Ile kubwa kwa saa moja na nusu hivi. Tena umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika kwenye diski, kazi ya wanafunzi ya wiki nyingi yaweza kuharibika. Kwa hiyo betri ni sehemu ya seva, na nakala ya kila siku katika diski nyingine ni lazima.

Nne ni vumbi na joto. Vumbi la mawe yanayosagwa huziba mapanga ya feni na mapezi ya kupozea. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na duru huchelewa. Seva iwekwe juu ya meza, mbali na dirisha linaloelekea makarasha, na isafishwe mara kwa mara.

Mwisho ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Seva iliyo mwisho wa kebo ya kilometa 10,000 haiwezi kujibu kabla ya milisekunde 100, kwenda na kurudi, hata ingekuwa na nguvu kiasi gani. Seva iliyo chumba cha pili, ikiunganishwa kwa waya, yaweza kujibu ndani ya milisekunde moja au mbili, wala haihitaji intaneti wakati wa mchezo.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba seva nzuri ni ile isiyochelewa, wala si lazima iwe kubwa. Wanafunzi na wajaribu: wapime muda wa duru wakiwa wachezaji 5, kisha 10, kisha 20, na kuchora grafu. Mahali mstari unapovuka milisekunde 50 ndipo uwezo wa kompyuta yao unapokoma.