Hilux Haizeeki, Hubadilisha Mwenyewe tu

Mradi wa wafadhili ukifungwa Iringa au Mbeya, magari yenye namba za DFP hutangazwa kwa zabuni, na wanaokuja kuyakagua hawana haja na rangi. Fundi hulala chini na tochi, akapitisha kidole kwenye sili za magurudumu ya mbele kutafuta oili, akatingisha krosi za propela, kisha akataka injini iwashwe ikiwa baridi. Dizeli ikisita kuwaka, bei imeshuka papo hapo.

Soko la pikapu za foo wili Tanzania liko hapo zaidi kuliko kwenye maduka ya magari mapya. Mpya hununuliwa zaidi na serikali, migodi na mashirika. Mkulima wa viazi wa Njombe huipata ikiwa mkono wa pili au wa tatu, na mara nyingi ndiye hukaa nayo muda mrefu kuliko wote waliomtangulia. Kodi ya uchakavu inayotozwa magari ya zamani yanapoingizwa nchini humfanya aliye nayo tayari asione sababu ya kuuza kwa bei ya kutupa.

Anacholipia hasa ni uhakika wa spea. Hilux ipo sokoni tangu 1968, na ile ya injini ya 5L, dizeli ya lita 3 isiyo na tabo, hufunguliwa na kufungwa hata Makambako, chini ya mwembe. Mkanda wa taimingi unataka kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Anayeukopa muda, siku moja mkanda humkatikia barabarani, na gharama yake inahamia kwenye silinda hedi.

Injini za KD za miaka ya 2000 zilileta nguvu zaidi kwa mafuta machache, lakini nozeli zake hazina subira na dizeli chafu. Na chafu ilikuwepo: mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa hiyo kuyachanganya na dizeli kulilipa vizuri. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Uchakachuaji ukapungua, ila mwenye KD bado huchagua kituo cha mafuta kama anavyochagua daktari. GD za kuanzia 2015 zina cheni badala ya mkanda, hivyo gharama moja imefutika. Nyingine imeingia, kwani ikigoma haitengenezwi bila mashine ya kupima, na hizo ziko mijini.

Foo wili yenyewe ndiyo inayolipiwa na kusahauliwa. Wengi huikumbuka masika tu. Kitabu cha Toyota kinashauri iendeshwe angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kwenye mitambo ya mbele. Asiyefanya hivyo huikuta imekwama siku ya tope. Wapo pia wanaoisahau ikiwa imeingizwa kwenye lami kavu, wakalipa kwa tairi na gia.

Kinachoziua pikapu hizi, hata hivyo, ni mzigo. Pikapu ya kubeba tani moja au pungufu hupakiwa viazi hadi lumbesa zinazidi kimo cha kabini. Springi huongezewa majani, gari linanyanyuka vizuri nyuma, na dereva anaridhika. Fremu haiongezewi chochote. Ufa huanzia nyuma ya kabini, unachomelewa, unapakwa rangi nyeusi, na mnunuzi anayefuata ndiye anaugundua.

Land Cruiser ya 79 yenye injini ya 1HZ, silinda sita na lita 4.2, huvumilia mengi zaidi, lakini inakunywa dizeli na bei yake inamfaa mwenye tenda mgodini.

Kwa mkulima aliye mbali na gereji yenye mashine, ningesema atafute 5L yenye fremu nzima, hata ikiwa imekongoroka bodi. Aliye Mbeya mjini na anayeshuka Dar kila wiki achukue GD. Umbali ule utamrudishia tofauti ya bei kwenye mafuta.