Fufua shokapu za mbele za pikipiki kongwe

HONDA CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976, bado inaweza kumfaa mkulima. Lakini shokapu za mbele zikianza kuvuja, wenye nayo wengi huitelekeza ghalani, wakati kazi ya kuzifufua inaweza kufanyika nyumbani.

Kwanza, iegemeze pikipiki kwenye kigogo imara hadi gurudumu la mbele liachie ardhi. Geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati, gololi na vikombe vyake vimekwisha. Badilisha vyote pamoja, kwani gololi mpya hazidumu kwenye kikombe chenye vishimo.

Kofia ya juu ya shokapu ifunguliwe kwa uangalifu, maana springi iliyobanwa inaweza kuirusha usoni. Baada ya kumwaga oili, viringisha bomba juu ya kioo, likichezacheza, limepinda.

Aidha, kagua mahali inapopita sili, yaani mpira unaozuia oili. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha: hununua sili mpya, kumbe vishimo vya kutu kwenye bomba vitaikata tena.

Shokapu zote mbili zipate oili kwa kipimo kimoja. Vipuri si tatizo kubwa, kwani bodaboda nyingi za Kichina zilitokana na muundo wa CG125; hata hivyo, nenda dukani na sili ya zamani ulinganishe.

Usichelewe. Oili inayovuja ikiingia kwenye breki ya mbele, pikipiki haitasimama unapotaka, na hasara hapo si ya fedha tena.